Sahihi ya Koplo

Nilirudishwa nyumbani wiki mbili kwa kosa la kumsaidia matroni wa bweni kazi yake. Matroni alikuwa na wasichana mia mbili na arobaini, na mkono mmoja tu wa kusaini karatasi za ruhusa. Mimi nilikuwa na mikono miwili na muda wa kutosha. Mwalimu wa nidhamu alizitandaza mezani karatasi kumi na nne, saba za matroni na saba zangu, akashindwa kuzitenganisha, na nadhani hilo ndilo lililomkasirisha zaidi.

Kwa hiyo nilikuwepo kwenye nyumba za familia za askari, wiki ile ambayo mama yangu alikuwa vitani.

Baba, ambaye ni sajenti meja, alikuwa kwenye operesheni ya nje na nusu ya kikosi. Watu walituuliza habari zake kila siku. Habari za Mama hakuna aliyeuliza. Mama hana cheo, hana mshahara wala sare. Alikuwa na ufunguo wa chumba kilichowahi kuwa stoo ya mahema, na humo chumbani kila siku saa kumi jioni walikuja watoto thelathini na wawili na madaftari yao. Mtoto wa askari huzungushwa kama jembe la kuazima. Akifika shule mpya anakuta wenzake wameshamaliza sehemu, wako kwenye asilimia, na yeye ndiyo kwanza alikuwa anaanza kuelewa kugawanya. Mama anawavuta mpaka wawafikie wenzao. Anaandika barua, anajaza fomu, anabishana na walimu wakuu. Yote bure, kwa kujitolea. Askari vijana wa getini humpigia saluti ya mzaha.

"Waziri wa Elimu anapita!"

"Waziri bila hata chaki," huwajibu. "Haya, pumzikeni."

Vita ya wiki ile ilikuwa juu ya msichana mmoja wa miaka kumi na mitatu. Alikuwa amesoma shule tano katika miaka saba, na kwa kuwa kote huko aliitwa "yule mgeni", jina likamganda: Mgeni. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi ulikuwa umebaki miezi miwili. Jina lake bado lilikuwa kwenye orodha ya shule ya kambi waliyotoka, kilomita mia sita kutoka kwetu. Ili lihamishiwe shule ya hapa, ilitakiwa fomu ya idhini yenye sahihi ya mzazi. Orodha ilikuwa inafungwa Ijumaa saa sita mchana. Jina lisipoingia, Mgeni anarudia darasa, mwaka mzima, na watoto anaowazidi kichwa na mabega.

Utasema, si mzazi asaini tu? Mama yake Mgeni ni fundi cherehani, anakaa ghorofa ya juu yetu, kalamu anayo na mkono anao. Lakini ofisi ya familia ina daftari, na katika daftari hilo mzazi ni mmoja tu, naye ni askari. Mke ameandikwa mtegemezi namba moja. Mgeni ni mtegemezi namba mbili. Na mtegemezi, kwa mujibu wa daftari, hawezi kumtolea idhini mtegemezi mwenzake.

Jumanne nilimsindikiza Mama kwenye ofisi hiyo. Karani wake ni kijana nadhifu mwenye rula mfukoni. Kambi nzima inamwita Bwana Taratibu, isipokuwa yeye mwenyewe, ambaye hajui.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hii ni mara ya sita unaniamkia kwa ajili ya fomu ile ile."

"Tunafurahi kukuona."

"Sitaki mfurahi. Nataka mpeleke ujumbe wa redio kule waliko, baba wa mtoto ajibu ndiyo au hapana, tumalize."

"Redio ni ya mambo ya kijeshi, mama. Hili ni suala la elimu."

"Mwezi uliopita alipiga simu. Mke wake alimsikia kwa masikio yake, akisema kubalini kila kitu."

"Sauti haibandikwi kwenye faili."

"Na fomu tuliyompelekea kwa ndege ya vifaa? Wiki ya tatu hii!"

"Basi msubiri. Lori la barua linaingia Alhamisi." Akanyoosha karatasi zake kwa rula. "Kuna taratibu, mama. Haraka haraka haina baraka."

"Na polepole yenu inarudisha mtoto darasa," Mama akasema, akatoka bila kuaga. Kwa mama yangu, ambaye huaga hata kondakta, hilo lilikuwa tusi.

Nyumbani akaosha vyombo vilivyokuwa safi. "Wanamtuma mtu mwisho wa dunia," aliiambia sufuria, "halafu wanamgeukia mwanawe: asiyekuwepo na lake halipo. Kwani alijipeleka?"

Sufuria haikujibu. Nami nilinyamaza, jambo ambalo wanaonijua wangelitilia shaka.

Alhamisi Mama alikuwa na watoto wake, akanituma mimi kulipokea lori la barua. Nililipokea kwa heshima zote. Lilishusha magunia mawili, askari wa barua akapekua yote mbele yangu, akatikisa kichwa. Ilikuwa saa kumi na moja jioni. Kesho yake saa sita mchana mlango ungefungwa.

Nilitembea kurudi polepole sana, na kichwa changu kikaanza ile kazi iliyonifukuzisha bweni. Fomu tupu zilikuwepo, Mama hutunza za akiba. Sahihi ya koplo ilikuwepo pia. Kwenye kabati la darasa kulikuwa na ripoti za Mgeni za shule zote tano, na kila muhula baba yake alikuwa amesaini kwa mkono wake, akaandika namba yake ya kijeshi na cheo chake. Nikazibeba ripoti, Mama akiwa ameinamia daftari la mtoto, nikajifungia chooni.

Ilikuwa sahihi nzuri. Ilianza kwa kishindo na kuishia kwa uvivu, kama mtu aliyeamka na kelele kisha akajilaza tena. Niliifanyia mazoezi mara thelathini. Ya thelathini na moja nikaiweka kwenye fomu, nikaandika namba, nikaandika "Koplo", nikaweka tarehe ya siku nane nyuma kwa kukadiria mwendo wa ndege. Kisha nikaikunja mara nne, nikaipaka vumbi la dirishani, nikaikalia dakika kumi ili ionekane imesafiri. Nilijiona nimetumwa kuwaokoa watu.

"Mama, imekuja."

Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kigoda, akaiweka fomu gotini, akainyoosha kwa kiganja kama anavyonyoosha shuka la mtoto mchanga. Halafu akasimama kwenye ngazi akaita juu, "Jirani! Teremka! Mumeo amesaini!" Mgeni ndiye aliyefika kwanza, penseli imechomekwa kwenye nywele.

"Nitafanya hapa hapa? Na akina Pua na Mapengo wa darasani?"

"Hapa hapa. Na usipofaulu nitakuchapa mimi mwenyewe," Mama akasema, na wote wawili wakacheka.

Mama yake Mgeni alichelewa kidogo, futi ya kushonea ikiwa bado shingoni. Aliichukua fomu, akaitazama sahihi muda mrefu, akaigusa. Akaigeuza. Akaigeuza tena.

"Hata neno moja hakuandika," akasema. "Upande wote huu wa nyuma uko tupu. Angeandika hata 'hamjambo'."

"Labda aliharakishwa," Mama akamwambia.

"Labda."

Hilo sikuwa nimelipigia hesabu. Kule bweni karatasi ya ruhusa ni karatasi tu, hakuna anayeitafutia salamu upande wa nyuma. Hapo ndipo nilipopaswa kufungua mdomo. Lakini Mama alirudi ndani akaanza kukunja nguo huku akiimba, na sikuwa nimemsikia akiimba tangu Baba aondoke. Nikaenda kulala mapema, kama mtakatifu.

Ijumaa saa tatu asubuhi tulikuwa ofisini, Mama, mama yake Mgeni, na mimi nikiwa nimebeba faili. Bwana Taratibu aliipokea fomu kwa ncha za vidole. Akasoma jina. Akapitisha rula chini ya namba. Akatoa mhuri kwenye droo, akaupulizia pumzi, akauinua. Ukabaki hewani.

"Koplo?"

"Koplo, ndiyo," Mama akasema. "Kwani ana cheo kingine?"

"Ni sajenti. Tangu tarehe mbili mwezi huu. Na hapa amesaini tarehe tisa."

"Atakuwa alisahau."

Karani akauweka mhuri chini taratibu. "Mama, huyu amekuwa koplo miaka tisa. Askari anaweza kusahau siku aliyooa. Kwamba sasa ni sajenti, hasahau hata akiwa usingizini."

"Mume wangu amepanda cheo?" mama yake Mgeni akauliza kutoka mlangoni.

"Tarehe mbili."

"Leo ni tarehe kumi na nane!"

"Barua ya kuijulisha familia ipo. Inasubiri sahihi."

"Ya nani?"

Bwana Taratibu akaitazama rula yake. "Yangu," akasema kwa sauti ndogo.

Wakati wowote mwingine ningelihifadhi neno hilo kama dhahabu. Lakini Mama alikuwa ameanza kugeuka. Hakugeuka haraka. Alitazama kwanza fomu, halafu vumbi la kwenye mikunjo, halafu vidole vyangu, ambavyo vilikuwa bado na wino. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imeishia mbele ya meza ile.

"Ni mimi," nikasema. "Mama hakujua. Lori halikuja na kitu."

Mama yake Mgeni akasema, polepole, "Kumbe ndiyo maana hakuandika hamjambo." Afadhali angenipiga kofi.

"Wewe ni mtegemezi wa nani?" karani akaniuliza, kalamu mkononi.

"Unanijua. Wa sajenti meja."

"Namba?"

"Mbili."

"Mtegemezi akikosa, anayejibu ni askari wake," akaandika, kisha akaenda kugonga mlango wa ndani. Akatoka na kapteni wa utawala, mtu mkubwa mwenye kikombe kidogo cha chai. Kapteni aliisoma fomu akiwa amesimama.

"Kughushi sahihi ya askari aliye kwenye operesheni," akasema. "Hili ni la kijeshi. Peleka ujumbe wa redio, sasa hivi. Mwulizeni kama alisaini, na sajenti meja ajulishwe habari za binti yake."

"Sasa hivi?" Mama akauliza.

"Sasa hivi, mama."

"Wiki tatu." Akaweka kiganja mezani. "Wiki tatu nimesimama mbele ya meza hii nikiomba ujumbe huo huo, kwa redio hiyo hiyo, kwa mtu huyo huyo!"

"Ule ulikuwa wa elimu," Bwana Taratibu akaeleza kwa upole. Na naapa hakuwa akifanya mzaha.

Mama akanipokonya faili, akaanza kurudisha karatasi ndani moja moja.

"Na ufunguo wa lile darasa uuache hapa," Kapteni akaongeza, bila ukali. "Hadi uchunguzi uishe. Fomu imepitia mikononi mwako."

Mama akautoa kwenye leso, akauweka mezani. Nilidhani yameisha. Lakini mama yangu hakukaa na jeshi miaka kumi na minane bila kujifunza linavyopigana.

"Kapteni," akasema, "mtamwuliza kama alisaini. Mtamwuliza pia kama anaruhusu?"

"Ujumbe ni wa uchunguzi, si wa shule."

"Sawa. Lakini kama anaruhusu, kosa la binti yangu ni dogo. Kama anakataa, ni kubwa. Mtaupimaje uzito bila kuuliza? Bwana karani, wewe unazijua. Taratibu zinasemaje?"

Bwana Taratibu akatazama dari, kisha kitabu, kisha akafungua kitabu. Jasho lilimtoka. Alikuwa amesukumwa kwenye kona na kitu pekee anachokipenda.

"Zinasema... mazingira yote ya kosa yaulizwe, afande."

"Basi ongeza," Kapteni akasema, akarudi kwenye chai yake.

Tulikaa kwenye benchi. Saa ya ukutani ilikuwa na mlio wa mtu anayetafuna. Saa nne. Saa nne na nusu. Nikajaribu kumnong'oneza Mama kwamba, ukiliangalia jambo kwa upande mwingine, ujumbe ulikuwa umekwenda.

"Ukisema neno lingine," akaninong'oneza naye, "nitasahau kwamba nilikuzaa."

Majibu yalifika saa tano na dakika kumi, karatasi mbili. Karani alisoma ya kwanza kwa sauti ya gwaride: "Sijasaini. Fomu sijaiona. Namruhusu binti yangu kufanya mtihani hapo. Mke wangu aambiwe nimepata sajenti. Aambiwe hatujambo wote huku na nawasalimu."

Mama yake Mgeni alinyoosha mkono. Bwana Taratibu akasita, kwa kuwa ujumbe wa redio haushikwi na mtegemezi. Akampa. Alisoma mstari wa mwisho, akaegemea ukuta.

Ya pili ilikuwa ya baba yangu. "Binti aandike mistari mia tano. Mama yake achague mstari."

"Nataka nakala yenye mhuri," Mama akasema, "ya huo wa kwanza."

"Nakala inahitaji..."

"Umepokelewa kwa redio ya jeshi, umepewa namba, umeandikwa saa. Utabandikika kwenye faili au hautabandikika?"

Aliugonga mhuri saa tano na dakika thelathini na tano. Tulikimbia. Hebu wafikirie akina mama wawili wa heshima zao wakikata uwanja wa gwaride mbio, mmoja na futi ya kushonea inapepea shingoni, na askari wa getini wakipiga saluti ambayo safari hii haikuwa ya mzaha. Mwalimu mkuu alikuwa ameshafunika kalamu. Aliifunua. Saa sita kasoro dakika nane, Mgeni akaingia kwenye orodha, namba sitini na saba, mstari wa mwisho wa ukurasa.

Nilidhani sasa nitapata walau nusu ya asante. Tulirudi mpaka kwenye jengo letu, na pale ngazini Mama akasimama.

"Unajua ni watoto wangapi wengine wanasubiri idhini ya baba zao ili wahamishiwe shule muhula ujao?"

"Sijui, Mama."

"Kumi na moja. Fomu zao zimetoka hapa zikipita mikononi mwangu. Zikirudi na sahihi za kweli, za mkono wa baba zao kabisa, zitawekwa pembeni zichunguzwe moja moja. Kwa ajili yako. Mimi kitu nilichokuwa nacho pale ofisini ni kuaminiwa tu. Hawanilipi, hawanipi cheo, lakini walikuwa hawanitilii shaka. Wewe umekivua hicho ukakitandika chini watu wakikanyage."

"Lakini Mgeni ameingia."

"Ameingia. Na nitawaombea wote wawili, wewe na yeye. Lakini usiniambie lakini."

Saa kumi watoto walikuja wakakuta kufuli. Mama akawakalisha kwenye ngazi za jengo, wakubwa juu, wadogo chini, ubao ukaegemezwa kwenye pipa la maji. Kila mtu aliyetaka kupanda nyumbani kwake ilibidi apite juu ya hesabu za mtu. Mapengo akauliza kwa nini darasa limefungwa, na Mama akamjibu kwamba linafanyiwa uchunguzi. Mapengo akataka kujua kama limeiba.

Jioni nikaleta daftari jipya na kalamu, nikapiga magoti kwa unyenyekevu wote wa shule ya bweni. "Mistari mia tano, Mama. Chagua mstari."

"Sitaki mistari," akasema. "Mistari utaiandika huku unawaza mambo mengine. Kaa. Andika barua."

Akatamka, nikaandika. Barua kumi na moja za maombi, moja kwa kila mtoto, jina la baba, namba, cheo. Kila moja ilieleza kwamba Ijumaa tarehe kumi na nane ofisi ilipeleka ujumbe wa redio, namba ya ujumbe wenyewe ikitajwa, ikauliza idhini ya mzazi kuhusu masomo ya mtegemezi, na jibu likapokelewa likapigwa mhuri. Kwa hiyo inaombwa ofisi ifanye vivyo hivyo kwa mtoto huyu. Nilipouliza kama naweza kufupisha kidogo, aliniangalia hadi nikaanza upya. Kwenye cheo cha kila baba alinisimamisha. "Umehakikisha? Kamwulize mke wake." Nikapanda na kushuka ngazi hizo mara kumi na moja. Wawili kati ya wake hao hawakuwa na uhakika.

Mwisho wa kila barua aliniambia niandike: "Mwandishi ni mimi, binti niliyeghushi sahihi. Sahihi hii ni yangu." Kisha nikasaini jina langu. Iligeuka kuwa kazi ngumu kuliko nilivyodhani. Sahihi yangu mwenyewe sikuwa nimeifanyia mazoezi, na hakuna mbili zilizofanana.

Jumatatu saa mbili tulikuwa wa kwanza mlangoni. Bwana Taratibu aliinuka nusu kwenye kiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama akaweka bunda mezani.

Alisoma ya kwanza. Akasoma ya pili. Akazihesabu zote kwa rula, akanitazama, akamtazama Mama.

"Mama, redio ni ya..."

"Ukurasa gani?" Mama akauliza, akavuta kitabu chake cha taratibu kutoka pembeni ya meza, akakigeuza kimwelekee. "Nionyeshe ukurasa unaosema Ijumaa ilikuwa halali na leo si halali. Ukiuona, nitaondoka."

Akaanza kupekua. Alipekua kwa dhati, simcheki; ni mtu mwaminifu kwa namna yake. Kurasa nyingi zikapita. Nje kikosi kilichobaki kilikuwa kikihesabu hatua.

"Itachukua muda," akasema mwishowe. "Mngekwenda nyumbani, niwaite."

"Tutakaa," Mama akajibu.

Tukakaa.